Kipindi Kisichokuchekesha Kinaongezewaje Msimu?

Swali: Mwalimu, nakusalimu kutoka Kondele, Kisumu. Kwetu runinga ni moja na tunaitazama pamoja: mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyekuja kutoka Butere kwa matibabu. Kuna kipindi cha vichekesho ambacho mimi naona hakina lolote. Mlinzi ni yuleyule analala kazini, jirani ni yuleyule anakopa unga. Kila mwaka kinaongezewa msimu, na mama mkwe hukicheka hadi machozi. Kile nilichokipenda, cha vijana wanaoishi pamoja ghorofani, kilikatwa baada ya sehemu 13. Je, vituoni hakuna watu wanaojua ucheshi mzuri? Au ni mimi nisiyejua kucheka? Na kile changu, kinaweza kurudi?

Jibu: Dada yangu, kucheka unajua, na vituoni hawakosekani watu wanaojua ucheshi mzuri. Nimeandika miswada ya vichekesho kwa miaka mingi na sasa nawafundisha vijana kazi hiyo hapa Nakuru. Mameneja wa vipindi niliofanya nao kazi, wengi wao, walicheka palipostahili na kunyamaza palipolegea. Lakini msimu unapokwisha na wakaketi kuamua, hawaulizani ni kipindi gani kinachekesha zaidi. Wanaulizana hivi: tukikitoa hiki, ni nani atahama nacho, na nafasi yake tutaijaza na nini kwa pesa hizi tulizo nazo? Ukilielewa swali hilo, hasira yako itapungua. Sitaki iishe yote, kwa sababu sehemu yake ni ya haki.

Tuanze na pesa. Kipindi kikongwe kimeshanunua kila kitu chake. Sofa ziko stoo, geti la mlinzi limesimama palepale pa mwaka juzi, sare yake imeshapauka vizuri. Waigizaji wamezoeana kiasi kwamba mswada unaweza kuwa mistari mitatu: anaingia, anakuta sufuria imefunikwa, anamwita mkewe. Muigizaji mzoefu anajua atakavyokiinua kile kifuniko, atakavyochungulia ndani, atakavyokirudisha polepole na kukiinua tena kuhakikisha ugali kweli haupo. Hakuna aliyemwandikia hayo. Kamera mbili, taa zilezile, na kabla jua halijazama sehemu mbili zimerekodiwa.

Sasa kitazame kipindi chako cha ghorofani kwa jicho la anayekilipia. Nyumba ni ya kukodi, na mwenyewe anaitaka tupu ifikapo Ijumaa. Vijana sita wanarushiana maneno haraka haraka, kwa hiyo kila mmoja lazima apigwe picha peke yake, halafu wawili wawili, halafu wote. Mmoja akikosea neno, mnarudia. Matatu ikipita chini na honi zake, mnarudia. Utani wenyewe umesimama juu ya neno moja mwishoni mwa sentensi, na muigizaji akilitoa mapema kidogo tu, umeharibika. Sehemu moja ya kazi kama hiyo hula siku tatu, nne. Na mtangazaji wa sabuni au mafuta ya kupikia hamlipi mtu kwa ugumu wa kazi. Analipa kwa macho yaliyokuwa mbele ya runinga dakika ile tangazo lake lilipopita.

Kuna na kanuni pia. Mamlaka ya Mawasiliano inavitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya vipindi kwa kazi za humu nchini. Naiunga mkono kanuni hiyo, imewalisha waigizaji na waandishi wengi. Lakini nusu saa ya kipindi kilichochoka huhesabiwa sawasawa na nusu saa iliyotoka jasho. Na tangu tulipohamia dijitali mwaka 2015, chaneli zimeongezeka na pesa za matangazo zinagawanywa kwa mikono mingi. Meneja mwenye bajeti ndogo na asilimia ya kutimiza atakimbilia kile anachojua kitakuwa tayari Jumatatu.

Halafu kuna hesabu ya watazamaji, ambayo watu wengi hudhani ni ya kuaminika kuliko ilivyo. Hakuna kifaa kinachojua ulichotazama jana pale Kondele. Kampuni kama Ipsos na GeoPoll huchukua sampuli ya watu na kuwauliza, mara nyingine kwa simu au ujumbe mfupi: saa fulani ulikuwa ukitazama nini? Mtu aliyeulizwa leo kuhusu jana hutaja jina lililo karibu na ulimi. Kipindi kilichoko hewani miaka minane kina jina ambalo hata asiyekitazama analijua. Kipindi cha wiki ya nne huitwa "kile cha wale vijana," na "kile cha wale vijana" hakiingii vizuri kwenye jedwali. Hata Marekani, ambako kampuni ya Nielsen ilifunga vifaa kwenye runinga, mwaka 2000 ladha ya nyumba zaidi ya milioni 100 ilipimwa kwa sampuli ya nyumba 5,000 hivi. Sampuli iliyochaguliwa vizuri hufanya kazi yake, sibishi. Ila hupima ni wangapi walikuwa mbele ya skrini, wala haikuwahi kupima walichekaje.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Alikuwepo Mmarekani mmoja, Paul Klein, aliyesimamia utafiti wa watazamaji katika kituo cha NBC miaka ya 1960. Alisema kwamba mtu wa kawaida hachagui kipindi. Anachagua kutazama runinga, kisha anatulia kwenye kile kinachomkera kidogo kuliko vingine. Wenye vituo wengi hawakulipenda wazo hilo, lakini liliendesha kazi zao miaka mingi.

Sasa lilete wazo hilo sebuleni kwako. Ni kati ya taarifa ya saa moja na ile ya saa tatu, ndio wakati vituo vyetu hupanga vichekesho. Amekaa mama mkwe, amekaa mwanawe, umekaa wewe, na mtoto wa darasa la sita amelala tumbo chini akijifanya anafanya homuwaki. Kwenye kipindi cha ghorofani msichana anasema neno kuhusu mahali alipolala jana. Utani ni mzuri, umeandikwa kwa akili. Lakini mume wako anakohoa, mtoto anauliza maana yake, wewe unakumbuka chai jikoni, na mama mkwe anatazama dari. Hakuna aliyesema kipindi ni kibaya. Ila kesho saa ileile mkono wa mtu utaifikia rimoti kwanza. Kwa heshima tuliyolelewa nayo upande huu wa magharibi, ambako mambo ya chumbani hayatajwi mbele ya mkwe hata kwa mafumbo, kipindi cha namna hiyo hakina budi kutazamwa na mtu aliye peke yake. Na kanuni za utangazaji zimekaza hapohapo: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kinachorushwa kiwe cha kutazamwa na familia nzima.

Mlinzi anayelala kazini hamfanyi mtu yeyote atazame dari. Mnaweza kumwangalia nyote mpaka mwisho. Kwenye hesabu, ninyi ni watazamaji watano. Kipindi cha vijana, ulichokimalizia kwenye simu kitandani, kina mtazamaji mmoja, na pengine huyo mmoja hakuhesabiwa.

Nakuja kwa mama mkwe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona kicheko chake umekidharau.

Mtaalamu wa saikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi, hata bila kukifikiria sana, huanza kukipenda. Mwenzake Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na kwamba sehemu kubwa ya kinachowachekesha si mzaha hata kidogo. Ni maneno ya kawaida yaliyosemwa kati ya watu wanaopatana. Mama mkwe yuko nyumba isiyo yake, mji usio wake, amekuja kwa ugonjwa. Jioni anamwona mtu anayemjua. Kabla mlinzi hajafungua mdomo, ameshaanza kucheka, kwa sababu anajua litakalokuja, na wajukuu wanacheka kwa kuwa nyanya anacheka. Dada yangu, kicheko hicho ni cha kweli kama chako. Hakipimi ubora wa mswada, ni kweli, lakini kina kazi yake, na kituo kimejua kukiuza.

Tena usidhani vichekesho vya wazee vyote ni vyepesi. Mfikirie Papa Shirandula, yule aliyeigizwa na Charles Bukeko, ambaye tulimzika kwao Busia Julai 2020. Kiini cha kipindi kile kilikuwa mwanamume anayefanya kazi ya usoja na kumficha mkewe. Wilbroda akidhani mumewe ni mtu wa ofisi, bwana alikuwa getini. Hebu fikiria ni wanaume wangapi wametoka Mumias, Siaya au Vihiga wakaenda mjini, na nyumbani ikasemwa tu kwamba "yuko kazi Nairobi." Ni kazi gani, haulizi mtu. Kila sehemu ya kipindi ilikuwa na hatari ndani yake, kwa kuwa siri ingeweza kufichuka wakati wowote, na siri ile ilikuwa aibu ya nyumba nyingi. Ndiyo maana kilidumu zaidi ya miaka kumi. Vitimbi ya KBC vilevile: Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu aliyefariki mwaka 2015, na Mama Kayai wake hawakuhitaji maneno ya kifundi. Ugomvi wao ulikuwa ugomvi wa ndoa ya miaka mingi, na kila mtu alikuwa ameusikia kupitia ukuta wa jirani.

Hivyo basi mimi si mmoja wa wanaosema kila mtu na ladha yake na mjadala umekwisha. Ladha hutofautiana, ndiyo, kwa sababu za umri, lugha na mahali. Mama mkwe hufuata Kiswahili chenye lafudhi ya kwao na Sheng ya ghorofani humpita kama matatu ya usiku. Wewe unafurahia mzaha unaojengwa sehemu ya pili ukalipuka sehemu ya sita. Hakuna anayemshinda mwenzake hapo. Lakini ndani ya kila ladha kuna kazi nzuri na kazi mbaya, na mtu anaweza kuziona. Mlinzi akilala kazini mara ya kwanza, kuna mtu anapoteza kitu: tajiri anaibiwa, mwizi anapita, mke anajua siri. Akilala mara ya arobaini na hakuna anayepoteza chochote, mwandishi ameacha kufanya kazi. Nadhani ndicho unachokihisi ukikaa pale. Wahusika wa zamani hawana ubaya. Wamenyimwa shida mpya.

Namna nyingine ya uvivu ni utani wa makabila. Mluhya wa runinga anakula ugali na kuku, Mjaluo anajigamba, Mkikuyu anahesabu pesa, na mswada umeisha. Watu hucheka, sikatai, nami nimewaona wakicheka. Ila sina budi kusema jambo kama mtu wa Nakuru. Ukumbini Kakamega, ambako karibu wote ni watu wa nyumba moja, mzaha kuhusu Waluhya ni wa kujicheka wenyewe. Hapa Nakuru, mji wa kila kabila, ambako watu walifukuzana mwanzoni mwa 2008, mzaha huohuo husababisha kimya kidogo kabla ya kicheko. Watu hutazamana kwanza. Watafiti wawili, Peter McGraw na Caleb Warren, waliandika mwaka 2010 kwamba jambo huchekesha pale linapovunja mwiko na wakati huohuo likaonekana halina madhara. Mwiko ni uleule Kakamega na Nakuru. Madhara ndiyo si mamoja. Mwandishi asiyejua hilo atachekesha mji mmoja na kuumiza mwingine kwa sentensi hiyohiyo, na kituo kikiona watazamaji wa kutosha hakitamwambia.

Huenda pia unajiuliza kama mambo haya ni ya Kenya tu. Hapana. Marekani kulikuwa na kipindi According to Jim cha kituo cha ABC, ambacho wahakiki walikisema vibaya tangu kilipoanza mwaka 2001. Kiliendelea hadi 2009, sehemu 182. Sababu moja kubwa ilikuwa hesabu ya baadaye: studio za kule zilikuwa zikirekodi kwa hasara, kwa sababu kituo hulipa pungufu ya gharama, zikingoja kipindi kifike karibu sehemu 100 ili kiuzwe upya kwa vituo vidogo kirushwe kila siku. Faida ilikuwa huko kwenye marudio. Na kwa kuwa studio iliyokitengeneza na kituo kilichokirusha vyote vilikuwa mali ya Disney, kila msimu uliongeza bidhaa kwenye ghala lao wenyewe. Wakati huohuo Arrested Development, kilichotuzwa Emmy ya kipindi bora cha vichekesho mwaka 2004, kilikatwa na kituo cha Fox mwaka 2006 baada ya misimu mitatu.

Lakini kule kuna mfano mwingine ambao ningependa mameneja wetu waukariri. Cheers ya NBC ilipoanza mwaka 1982 ilikuwa karibu mkiani kabisa kwa watazamaji. Kituo kilivumilia, ikaenda misimu 11. Seinfeld ilipojaribiwa mbele ya watazamaji mwaka 1989 matokeo yalikuwa mabaya, na kituo kiliagiza sehemu nne tu zaidi. Ilifika 180. Kichekesho kinachotegemea wahusika huhitaji muda kwa sababu mtazamaji hawezi kumcheka mtu asiyemjua bado. Waandishi wenyewe hawamjui bado. Katika sehemu tano za kwanza tunaandika tabia tulizozibuni ofisini. Baada ya hapo tunaanza kuwaandikia waigizaji waliopo: tumegundua yule anachekesha akinyamaza, na yule mwingine akikasirika kwa sauti ya chini. Kipindi chako kilikatwa pale kilipoanza kujijua. Hapo ndipo hasira yako ina haki, nami ninayo. Sehemu 13 hazitoshi kukihukumu kipindi kipya mbele ya kile kilichozoeleka miaka minane. Kituo kingeweza kukihamishia saa nne na nusu usiku, kikakiachia misimu miwili kwa bajeti ndogo na chumba kimoja, badala ya kukiweka sebuleni kwa wote kisha kukilaumu kwa kuwakera.

Vijana wenyewe wameshaona. Njugush na Crazy Kennar walijijengea jina mtandaoni kwa video fupi, ambako hakuna anayekohoa. Mtazamaji yuko peke yake na simu, na hesabu yake inaonekana palepale. Hasara ni kwamba dakika tatu haziwezi kukuonyesha mtu akibadilika kwa miaka. Nawafundisha wengi wenye kipaji cha dakika tatu, na tunapofika dakika ya kumi na mbili mswada unakata pumzi. Runinga ilikuwa shule ya pumzi hiyo, na ikiendelea kurudia tu kile kilichopo, sijui watajifunzia wapi.

Je, kipindi chako kitarudi? Kwenye kituo kilekile, ni nadra sana. Tazama kwanza mkataba ulivyokuwa, na wa kukuambia ni mtayarishaji mwenyewe, wengi hujibu wakiandikiwa kwa adabu. Mikataba mingi ya hapa humlipa mtayarishaji kwa kila sehemu, na haki zote za jina na wahusika zikabaki kituoni. Kama ndivyo, wale vijana hawawezi kuwapeleka wahusika wao kwingine hata wakipata mfadhili, na kituo hakina haja ya kuwafufua. Kama mtayarishaji alibaki na haki zake, mlango uko wazi: anaweza kukipeleka kituo kingine, au chaneli ya kulipia, au akakiweka YouTube na kuendelea polepole. Waigizaji hawangoji, lakini. Ndani ya miezi michache kila mmoja anakuwa amesaini kazi nyingine, na kuwakusanya sita pamoja tena ni kazi ngumu kuliko kuandika msimu mzima.

Njia ya uhakika zaidi ni kufuata majina ya waandishi. Sehemu zile 13 kama bado ziko mtandaoni, simamisha pale majina yanapopita mwishoni uyaandike. Waandishi wa vichekesho nchini si wengi, na aliyeandika ule mzaha uliokufurahisha yuko mahali fulani sasa hivi akiandika mwingine, huenda ndani ya kipindi kilekile cha mlinzi unachokichukia. Ukikitazama wiki hii na mama mkwe, sikiliza maneno ya yule jirani anayekopa unga. Wahusika wadogo ndio mwandishi mgeni hupewa kwanza.